Chungu Kilichopigwa Bandi

Jumamosi ile ilikuwa siku ya nusu kazi. Sindano alirudi nyumbani kutoka kiwanda cha nguo saa saba na robo mchana, mkononi mfuko wa mabaki ya vitambaa, kichwani hamu ya kikombe cha chai na kuinua miguu juu. Aliposukuma mlango, chai ikamtoka kichwani.

Watu watatu walikuwa wamekaa sebuleni kama waliokuja kusikiliza kesi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake chenye mito miwili, mguu mbovu umenyooshwa juu ya stuli, gongo limeegemea pajani. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa kwenye kochi, mkoba mapajani, viatu hajavua. Mumewe, Mwokaji, alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, bado na fulana ya kazini, unga umemganda kwenye nyusi. Hakuinua macho.

Na mezani, mbele yao wote, kilikuwa chungu chake cha umeme. Kilikuwa kimebebwa kutoka jikoni, waya wake umevutwa mpaka soketi ya ukutani, kitaa chake chekundu kinawaka. Uzi aliokifunga asubuhi ulikuwa bado upo. Ulikuwa uzi mweupe wa pamba, umepita kwenye kishikio cha mfuniko wa kioo, ukashuka sikio la kushoto la chungu, ukapanda tena, ukashuka sikio la kulia, ukaishia kwa mafundo mawili. Wenye cherehani huita hivyo kupiga bandi, kukishika kitambaa kwa nyuzi ndefu za muda kisihame mpaka mashine ipite. Sindano alikuwa amekipiga chungu bandi ili mtu asikifunue.

"Nani amekitoa jikoni?" aliuliza.

"Salamu imekushinda?" wifi akasema.

Sindano akamgeukia mama mkwe. "Shikamoo, Mama."

Mama mkwe alitazama dirishani. Marahaba haikuja. Katika mwaka mmoja na nusu wa ndoa, mama huyo aliwahi kumwitikia kwa pua, aliwahi kumwitikia kwa kukohoa, lakini kutoitikia kabisa ilikuwa mara ya kwanza.

"Nimekitoa mimi," wifi akasema. "Nilitaka nikione vizuri mwangani. Maana Mama aliponipigia simu analia, nilidhani sijasikia sawasawa. Nikamwambia, Mama, rudia. Amekufungia nini? Chungu? Kwa kitu gani, kwa kufuli? Akaniambia kwa uzi."

"Kilizimwa kwa muda gani?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Wifi akamgeukia mdogo wake, akapiga kofi moja dogo la mshangao.

"Umemsikia mkeo? Mama yako hajaitikia salamu, yeye anauliza hali ya chungu."

Mwokaji alisugua viganja vyake magotini. "Dakika mbili tu," alisema kwa sauti ya chini. "Hakikupoa."

Sindano alimtazama. Ndilo neno la kwanza alilomsikia akisema juu ya chungu kile tangu Alhamisi.

Na ni yeye aliyekwenda naye kukinunua. Hilo ndilo lililomuuma. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao baada ya kuvunjika nyonga, na wiki ya pili tu alikuwa ameng'ang'ania kusimama jikoni na gongo kwapani, akachota maji, akateleza, akaanguka. Miaka thelathini alikuwa mpishi wa bweni, masufuria ya watu mia mbili, na hakuna daktari wa kumwambia asisimame mbele ya moto. Sindano anatoka saa mbili asubuhi, anarudi saa kumi na nusu. Mwokaji anatoka kabla ya jogoo, anarudi saa sita, na jua likizama macho yake yameshafunga duka. Nyumba ikahitaji kitu kinachopika chenyewe, bila mtu kusimama na bila moto wa wazi.

Jumamosi tatu mfululizo Sindano alizunguka madukani. Ya tatu Mwokaji akafuatana naye. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, akawaonyesha kwanza kile kikubwa kama beseni.

"Hiki ndicho kinachotoka, mama."

"Kinatoka kwenda wapi?" Sindano alimwuliza. "Sisi tuko watatu. Chungu kikikaa nusu tupu kinaunguza chakula pembeni."

Akawaonyesha kingine chenye kioo cha namba na vibonye kumi. Sindano akakirudisha rafuni kwa mikono miwili, taratibu, kama mtoto wa watu. Akatazama kile cha chini kabisa, cha bei ya kumudu, ambacho muuzaji hakujisumbua hata kukifuta vumbi. Kilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha: moto mdogo, moto mkubwa, na cha tatu cha kushikilia joto tu. Aliutoa ule udongo wa ndani, bakuli la kufinyangwa linaloshika chakula, maana chungu kisichotoka ndani hakioshwi kikatakata. Akavaa subana, kile kikofia cha chuma cha kidole cha mshonaji, akaugonga ukingoni. Ukalia kama kengele. Udongo wenye ufa haulii hivyo. Akaangalia mfuniko, kioo kizito, hauchezi. Akaangalia waya, mnene, hauna kiungo.

"Mke wangu ananunua chungu au ng'ombe?" Mwokaji alisema, na muuzaji akacheka.

"Nilikukagua hivi hivi wewe," Sindano akamjibu. "Ila subana nilisahau nyumbani."

Mwokaji alicheka mpaka akashika rafu. Kisha muuzaji akawaambia jambo moja, na akalisema mara mbili: "Ukishafunika, umefunika. Kila ukifunua joto lote linakimbia, unaongeza nusu saa nzima. Watu wanarudisha vyungu hapa wanasema vibovu, kumbe mikono yao."

"Kama tanuri letu," Mwokaji alisema. Aliweka kiganja chake chenye makovu ya moto juu ya mkono wa Sindano, pale pale juu ya mfuniko, na hakukiondoa haraka. Walisimama hivyo kati ya pasi na mafeni, na Sindano alisikia joto likipanda mpaka nyuma ya masikio, chungu chenyewe hakijachomekwa.

Hayo yalikuwa juma moja lililopita.

"Kaa," wifi alisema sasa.

"Nitasimama. Nimekaa tangu saa mbili."

"Vizuri. Basi sema umesimama. Mama yangu ni mwizi?"

"Sijasema mwizi."

"Uzi wa nini?"

"Wa kuzuia mfuniko usifunuliwe."

"Na nani? Kuna paka humu?"

Sindano aliweka mfuko wake chini. Alikuwa amejiandaa kwa siku hii, lakini si mbele ya wifi, na si kabla ya chai. "Wifi, sikiliza. Jumapili nilipika nikiwa nyumbani, sikukigusa. Nyama iliachia mfupa yenyewe. Muulize mdogo wako, alifuta sahani kwa mkate. Jumatatu nikaweka vile vile, nyama ile ile, moto ule ule, nimerudi viazi vigumu katikati. Jumanne, nyama ya kuvuta kwa meno. Jumatano, vile vile. Nikasema labda chungu kibovu. Alhamisi asubuhi nikapiga chaki."

"Ukapiga nini?"

"Chaki ya kukatia nguo. Mstari mmoja, unaanzia kwenye mfuniko unashukia kwenye ukingo, kama tunavyofanya na mikono ya shati ili kipande kikutane na mwenzake. Mfuniko ukisogezwa, mstari haukutani. Nimerudi haukutani. Umepishana kidole kizima."

"Kwa hiyo Alhamisi ukamwambia Mama mbele ya chakula kwamba anakufunulia chungu."

"Nilimwomba. Nilisema, Mama, nakuomba usifunue."

"Ulisema," mama mkwe alinena, na wote wakamgeukia, maana hakuwa amefungua mdomo mchana kutwa. "Ulisema, Mama, mkono wako umezoea masufuria ya bweni, hauwezi kutulia. Hivyo ndivyo ulivyosema. Kijiko changu kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Nikakirudisha."

Ni kweli Sindano alisema hivyo. Alikuwa amechoka, sare za shule dazeni tano zilikuwa zimemlalia mgongoni tangu asubuhi, na ulimi ukateleza.

"Na Ijumaa je?" alijitetea. "Baada ya kusema, Ijumaa chaki ilikutana. Chakula kikaiva laini. Nani aliyeacha kufunua, kama si aliyeambiwa?"

Wifi alimgeukia mama yake. Mama mkwe hakumtazama binti yake wala mkwe wake. Alikuwa amemkazia macho mwanawe wa kiume pale kwenye kigoda, macho makavu, yasiyopepesa.

"Kama Ijumaa kiliiva," wifi akasema polepole, "leo umefunga uzi wa nini?"

Sindano alijua mwenyewe. Ijumaa jioni, chakula kimeiva, alikuwa ametabasamu mezani na kusema, "Mmeona?" Mama mkwe akasukuma sahani yake, akasema hawezi kula chakula kilichopikwa na waya, kwamba alimwonya mwanawe mapema: oa mwanamke wa cherehani, utakula vifungo. Sindano alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Asubuhi, baada ya kupanga nyama, maharage na viazi na kumwaga mchuzi, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kikapu cha nyuzi. Aliufunga ule uzi kwa hasira tupu, na chakula kilikuwa kisingizio.

"Umenyamaza," wifi alisema. "Basi nitasema mimi. Mama anaondoka na mimi leo. Begi lake lile pale mlangoni. Na wewe, mdogo wangu, nakwambia mbele ya mkeo ili asije akasema nilikunong'oneza. Mama akitoka nyumba hii kwa ajili ya chungu, usinihesabu tena katika ndoa hii. Mkigombana usinipigie simu. Mtu tulimkataa toka mwanzo, ukatushinda kwa machozi. Sasa ona."

Sindano alilitazama lile begi la kijani lenye zipu iliyokatika, zipu ambayo yeye mwenyewe aliahidi kuibadilisha na hajaibadilisha. Alijua begi lile likivuka kizingiti halitatoka peke yake. Mwokaji alikuwa mtoto wa mwisho, ameoshwa na kulishwa na mama yule baada ya baba kufariki, na hakuna siku angekaa mezani tena bila kukiona kile kiti chenye mito miwili kitupu. Angempenda, ndiyo. Angempenda akitazama kiti.

"Sema kitu," alimwambia mumewe. "Tangu Alhamisi umekaa kimya. Kama na wewe unaona nimekosa, niambie. Kama unaona mama yako anafunua, mwambie. Usikae kama stuli."

Mwokaji alisugua tena magoti yake.

"Mwanangu," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza saa. "Huko kwenye mkate wenu, mtu akifungua tanuri kabla ya wakati, mnamfanyaje?"

Kutoka ndani ya chungu ilisikika sauti ndogo, tone la maji likianguka kutoka kwenye kioo kurudi kwenye mchuzi.

"Ninamtoa kazini," Mwokaji alisema.

"Hata kama alifungua kidogo tu?"

"Hata kidogo, Mama."

"Haya."

Mwokaji alisimama. Alikuwa mtu mkubwa, na katika sebule ile ndogo alionekana hana pa kuiweka mikono yake. Hakumtazama mama yake, wala dada yake. Alimtazama mkewe, na Sindano, kwa mara ya kwanza siku ile, aliona kwamba macho yale yamevimba.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?" wifi akauliza.

"Ninayefunua."

Ghafla Sindano akakumbuka Jumatano. Aliporudi jioni ile alikuta kwenye kishikio cheusi cha mfuniko alama nyeupe ya dole gumba, kavu, kama vumbi. Aliifuta kwa kanga akidhani ni chaki yake mwenyewe, maana mafundi hurudi nyumbani na chaki mpaka kwenye kope. Alikuwa ameushika ushahidi wote mkononi, na ulikuwa unga wa ngano.

"Jumapili ile," Mwokaji alisema, akimwambia yeye peke yake, "nilikula nikiwa macho, na wewe umekaa mbele yangu. Unakumbuka? Ulinicheka kwa sababu nilikuwa na mchuzi kidevuni. Siku zingine nakula nasinzia, hata sijui nimekula na nani. Jumatatu nimerudi saa sita, nikafungua mlango, nyumba nzima inanukia Jumapili. Wewe hupo. Nikafunua. Kidogo tu. Nikafunika. Nikakaa, nikajisemea nikafunue tena."

"Mara ngapi?"

"Tano. Sita."

"Kila siku?"

"Kila siku mpaka Alhamisi. Ijumaa nilijizuia. Nilikaa nje kwenye ngazi mpaka ulipofika."

Maneno yale, siku nyingine yoyote, yangemwangusha Sindano kifuani kwake. Alitamani hata wakati ule yamwangushe. Lakini hasira ilitangulia, na ilikuwa hasira mpya, yenye anwani sahihi.

"Ulikuwepo dukani," alisema. "Ulimsikia yule kijana kama nilivyomsikia mimi. Ulisema, kama tanuri letu. Halafu Alhamisi ukakaa pale, umeshika kijiko, nikamtukana mama yako mbele yako kwa kosa lako."

"Niliona aibu."

"Aibu."

"Mtu mzima mwenye ndevu anasimama juu ya chungu ananusa kama mtoto. Nilijua utacheka. Halafu ukaanza kumsema Mama, na aibu ikawa kubwa zaidi, nikasema itapita."

"Ikapita juu ya nani?" Sindano aliuliza. "Juu yangu na juu yake. Wewe ulikuwa umekaa."

Mwokaji aliinamisha kichwa, unga ukamdondoka kutoka kwenye nyusi.

Wifi alikuwa ameshika tama. "Ngoja nielewe," alisema. "Mimi nimeacha nguo zimelowa kwenye beseni, nimepanda magari mawili, nimemwambia mke wa mtu maneno ambayo hata mama mkwe wangu mwenyewe hajaniambia, kwa sababu ya pua ya mdogo wangu?"

Akamgeukia mama yake.

"Na wewe Mama," akaendelea, "ulijua?"

"Kiti changu kinatazama jikoni," mama mkwe alisema. "Nyonga ndiyo iliyovunjika. Macho hayana kitu."

"Sasa kwa nini usiseme?"

"Nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe. Huyu nilimlea aseme mwenyewe. Akivunja sahani, akilowesha kitanda, aje aseme. Nikajiambia, leo atasema. Kesho atasema. Nimekaa nimemwagiwa maneno siku mbili nikimpa nafasi. Leo nimeuona uzi nikasema sasa basi, nitaondoka, na asiposema nikiwa mlangoni, nitajua nilifeli." Akavuta pumzi. "Amesema. Ingawa nimemsukuma."

Sindano alikuwa amesimama katikati ya sebule. Chaki yake ilikuwa imemwambia kweli tupu, kwamba mfuniko umefunuliwa. Mkono wa nani, haikusema. Hilo alilijaza mwenyewe, tena kwa haraka, kwa sababu tangu siku ya harusi alikuwa akitafuta mahali pa kumkamata mama huyu.

Alipiga magoti mbele ya kile kiti.

"Usinipigie magoti," mama mkwe akasema. "Mimi siwezi kukuinua."

"Mama, nimekukosea. Alhamisi nilikukosea kwa mdomo, na leo nimekukosea kwa mkono. Uzi ule sikuufunga kwa ajili ya chakula. Nilifunga nikuumize."

"Najua. Uliukaza mno. Uzi wa kushikiza tu haukazwi vile."

"Nakuomba msamaha."

Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu. Lilikuwa ni jicho la mpishi anayekagua gunia la maharage kabla ya kulipokea.

"Sijakusamehe," alisema. "Msamaha si maji ya bomba. Inuka, unanizibia meza."

Sindano aliinuka. Akachukua mkasi wake mdogo kutoka kwenye mfuko, akausogelea ule uzi.

"Unafanya nini?"

"Naukata, Mama."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane kasorobo."

"Uliweka saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro kumi. Moto mdogo."

"Ukikata sasa, huyu ataingiza pua, na saa kumi na moja nitakula viazi vya kutafuna kwa mara ya tano. Acha uzi. Maharage umetia?"

"Nimetia."

"Uliyachemsha kwanza kwenye jiko? Maharage mekundu hayaendi humo mabichi, yanaumiza tumbo."

"Niliyaloweka usiku, nikamwaga maji, nikayachemsha kwa moto mkali robo saa."

Mama mkwe akakiangalia chungu. "Na viazi umeweka juu au chini?"

"Juu."

"Ndiyo maana. Viazi viwe chini, karibu na moto, nyama juu yake. Kuchelewa kwa viazi si pua peke yake." Akasogeza gongo lake. "Tangu Jumatatu nimekaa na neno hilo mdomoni. Hakuna aliyeniuliza. Mmeleta kitu cha kupika nyumbani, mkaniweka mbele yake kama picha ya ukutani."

Hapo Sindano alielewa kitu ambacho hakuna chaki ingemwonyesha, na hakikuwa cha kujibiwa kwa maneno. Akauweka mkasi mezani, mbele ya mama mkwe, mpini ukimwelekea yeye.

Wakasubiri. Ulikuwa mchana mrefu kuliko wote aliowahi kukaa katika nyumba ile. Wifi alivua viatu saa nane na nusu, kwa manung'uniko. Sindano alichukua begi la kijani, akakaa chini kando ya mlango, akafumua zipu mbovu jino kwa jino na kushona mpya aliyokuwa nayo kwenye mabaki yake. Hakuna aliyemwuliza begi linashonwa ili lisafiri au ili likae, na yeye mwenyewe hakujua. Mwokaji alioga, akarudi, akakaa kwenye kigoda. Usingizi wake ulikuwa umefika, kichwa kinaanguka, anakiinua. Hakwenda kulala. Kila alipoinua macho alikuta Sindano anatazama zipu.

Saa kumi na moja kamili mama mkwe alichukua mkasi. Akakata uzi mara moja, katikati, akaukunja na kuuweka pembeni. Akafunua.

Mvuke ulipanda mpaka usoni kwake. Akaomba kijiko. Akachota kiazi, kikakatika kabla hajakibonyeza. Akachota nyama. Akatafuna kwa muda, macho yamefumba, na nyumba nzima ikatafuna naye.

"Chumvi imepungua," alisema.

Kisha akasogeza sahani. "Nipakulie. Na wewe, binti yangu, usinitazame hivyo, kaa ule, nguo zako zimeshalowa za kulowa. Hilo begi lipelekeni chumbani kabla sijajikwaa. Huyu pua apakuliwe mwisho."

Mwokaji alipakuliwa mwisho. Alikula akiwa macho, wima, na hakusinzia hata mara moja, na kila mtu aliona, na hakuna aliyemsifu.

Baadaye alimfuata mkewe jikoni. Sindano alikuwa ameloweka ule udongo kwa maji ya vuguvugu, maana maji baridi yangeupasua ungali moto. Mwokaji akasimama nyuma yake, karibu, bila kumgusa.

"Bado umekasirika."

"Sana."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nitakwambia ikiisha."

Alipangusa mikono, akatoa mfukoni kile kipande cha uzi alichookota mezani, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe, juu ya makovu.

"Jumatatu saa sita, ukirudi, kishike hicho badala ya mfuniko."

"Na mama akiniona?"

"Amekwambia mwenyewe kiti chake kinatazama wapi."

Mwokaji alikunja kiganja. Sindano aligeukia beseni tena, akasugua mahali palipokuwa pameshatakata. Mapumziko yake ya mchana yalikuwa saa sita hadi saa saba, na miezi yote hiyo alikuwa akiyashonea, kichwa chini, sare juu ya sare. Kutoka kiwandani mpaka nyumbani ni dakika kumi na tano kwa mguu wa mtu mwenye haraka.

"Jumatatu nitakuja mchana," aliyaambia maji ya beseni. "Nusu saa."

Mwokaji alifungua kiganja, akautazama uzi.

"Chakula kitakuwa bado," Mwokaji alisema.

"Najua."